Barua Aliyoitupa Karani

Kila akitoka shule, binti yule alifungua simu ya baba yake na kumsomea barua pepe. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Cheche ilimwingia jicho la kulia likapofuka, na sasa la kushoto nalo lilikuwa linafifia. Hospitali iliahidi kumtumia tarehe ya upasuaji kwa barua pepe. Kwa kazi hiyo ya kusoma, binti alipewa cheo: Karani.

"Karani, kuna habari?"

"Hakuna, Baba."

Wiki tatu jibu likawa hilo hilo. Siku moja baba alipapasa meza akitafuta kikombe, akakimwaga, chai ikamchuruzika magotini. Karani alitamani kulia.

Shangazi, aliyekuwa mpiga chapa ofisini, alichoka kungoja akapiga simu hospitali. Waliomba radhi. Walikwisha kutuma barua mara mbili, na wasipojibiwa kabla ya saa kumi jioni hiyo, nafasi ingepewa mgonjwa mwingine. Daktari alikwisha kuonya kwamba jicho halitavumilia mwezi mwingine. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Shangazi akauliza kama kuna barua iliyofutwa. Karani alikumbuka siku ambayo wenzake walimwita nje kucheza kamba, na simu imejaa matangazo ya magodoro na bahati nasibu. Aliziteua barua zote, akabonyeza "taka" bila kusoma hata moja, akatoka mbio. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

"Baba, ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nilizitupa zote bila kusoma."

Hakuna aliyemgombeza; muda haukuwepo. Shangazi alifungua folda ya taka na barua zote mbili zikaonekana: moja aliyoitupa Karani, nyingine iliyoingia humo yenyewe. Simu ilikuwa imefuata ilichofundishwa na Karani: kila kitokacho hospitali ni taka. Walijibu haraka, hospitali ikathibitisha: Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kisha Shangazi alimwonyesha namna ya kuiingiza anwani ile kwenye orodha ya watumaji wanaoaminika, isizuiwe tena.

"Mchele hupepetwa kwanza, ndipo pumba zitupwe," alimwambia. "Wewe ulimwaga ungo mzima."

Baba alinyoosha mkono hewani hadi akakipata kichwa cha bintiye.

"Kukosea umekosea, mwanangu. Lakini ungeficha nusu saa nyingine tu, nisingeuona uso wako tena."