Betri Chini ya Kitanda cha Mama

Jua lilikuwa linaaga tulipofika kwa fundi wa betri, mimi na kaka yangu, tukiwa bado tunabishana.

Kaka ni dereva wa kiwanda cha mikate. Kiwanda kilipouza magari yake makuukuu, alinunua lile alilokuwa akiliendesha, akang'oa rafu zote na kujenga kitanda cha mbao ndani. Alikuwa na nia moja tu: kumpeleka Mama milimani, kwenye shamba alikozaliwa. Shamba lenyewe limegeuka pori. Hakuna nyumba ya wageni, hakuna nguzo ya umeme, hata ukuta uliosimama hakuna. Tungelala ndani ya gari.

Na Mama ana kisukari. Mimi nafanya kazi duka la dawa, najua insulini inavyoharibika kwenye joto. Njia nzima ni jua kali, na lile gari ni bati tupu. Lazima tuwe na friji ndogo, na friji inataka umeme.

"Tununue sanduku la umeme, lile la kubeba," nilisema. "Unalichaji nyumbani, unalipakia, ukirudi unalishusha. Likileta balaa unalishika mpini, unaliweka nje."

"Hilo la kuchajia simu za wanafunzi," kaka akasema. "Likifa kitu kimoja ndani, umetupa lote. Betri za kufungwa garini, mdogo wangu! Betri ikichoka unabadili betri. Waya ukiungua unabadili waya. Nguvu ukitaka zaidi, unaongeza."

Nyumbani tunamwita Injinia. Hakusomea uhandisi hata siku moja, ila hakuna pasi aliyowahi kuifungua ikakumbuka tena kunyoosha nguo.

Fundi alitusikiliza wote wawili, kichwa kimeinama. Mtu mwembamba, mpole. Karakana yake ilinuka risasi ya kuchomelea na mafuta.

"Wote mna haki," alisema. "Dada anataka kitu cha kuagana nacho. Kaka anataka kitu cha kufunga nacho ndoa."

Kaka akacheka sana. Mimi sikucheka.

"Nina betri hapa za kutosha mfumo mzima," fundi akaendelea. "Zimetumika, lakini nzima. Nitakupunguzia."

"Zimetoka wapi?" nikauliza.

"Kwenye gari."

"Gari gani?"

"Gari lililokwisha kazi."

Alikuwa anazifunua zilipolala nyuma ya karakana. Niliona ameshika kitambaa. Kila alipozigusa, alizigusa kwa kitambaa. Na zilipotakiwa kuingia garini, alisogea pembeni.

"Beba wewe," alimwambia kaka. "Gari ni lako."

Mkubwa hakosei, ndivyo tulivyolelewa. Nikanyamaza. Fundi akazifunga chini ya kitanda, upande wa mto, akabandika ukutani kioo kidogo cha kuonyesha chaji. Paneli ya sola ikapanda juu ya paa. Akatutakia safari njema bila kututazama.

Tulifika milimani jioni iliyofuata. Mama alishuka mwenyewe, akavua viatu, akakanyaga majani. Alitembea huku na huku akicheka, akionyesha kwa kidole: hapa jiko, hapa zizi, hapa ndipo baba yake alipokuwa akiketi kunoa jembe. Alikuwa dobi wa hospitali maisha yake yote, akikamua shuka za wagonjwa mpaka vidole vikapinda. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu baba afariki. Nikajiambia, betri za nani sijui, lakini hii safari ilistahili.

Tulimlaza kitandani. Mimi nikalala mbele kwenye kiti, kaka kwenye turubai chini ya gari.

Asubuhi Mama alichelewa kuamka.

"Nimelala," alisema, "lakini ni kama niliyebebeshwa magunia."

"Ni hewa ya milimani, Mama."

"Labda, mwanangu."

Kaka hakusikia. Alikuwa mbele ya kile kioo, anapiga makofi. "Njoo uone! Friji imeunguruma usiku kucha, taa imewaka, na betri zimekaribia kujaa! Ungekuwa na kisanduku chako, saa hizi ungekuwa unakililia."

Siku ile jua halikutoka. Ukungu ulishuka, ukafuatwa na mvua nyembamba isiyokatika. Njia ya kurudi ikawa utelezi mtupu. Mama alikunywa uji vijiko viwili, akasema atajinyoosha kidogo. Nikaketi mlangoni mwa gari, namtazama.

Friji ikaunguruma. Mvua ikagonga bati.

Sijui kwa nini nilitazama kioo. Labda kwa sababu hakukuwa na kingine cha kutazama. Nambari ilikuwa inapanda.

Nikafurahi kwanza. Kisha nikatazama juu. Anga nyeusi. Injini imezimwa tangu jana.

Inapanda kwa nini?

Mama aliamka kunywa maji. Alipoinua mgongo kitandani, nambari ikasimama. Akanywa, akarudi, akaweka kichwa kwenye mto...

Ikapanda.

Nikamwita aje akae karibu nami mlangoni. Ikasimama. Akasema anasikia baridi, akarudi kulala.

Ikapanda tena. Safari hii haraka, kama mtu aliyecheleweshewa chakula.

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki. Nikampima sukari, haikuwa mbaya hata kidogo. Siku hiyo mwizi hakuwa kisukari. Ndipo nikaweka kiganja changu juu ya mbao za kitanda, pembeni ya mto wake. Vidole vikafa ganzi. Kisha ukanijia usingizi. Usingizi mtamu, jamani, ule wa mtoto mgongoni mwa mama yake. Pamoja nao ikaja harufu ya nywele zilizoungua.

Nilinyofoa mkono nikatoka nje mbio.

Kaka alikuwa anapasua kuni chini ya mti.

"Kaka," nilinong'ona. "Sola uliunga?"

"Fundi aliunga."

"Njoo."

Nilimwonyesha. Waya ulioshuka kutoka kwenye paneli ulikuwa umechomoka njiani, kwenye makorongo. Ulining'inia ubavuni mwa gari, unadondosha maji. Haukuwa umeshika kitu chochote.

Kaka aliushika, akaufuata kwa macho hadi juu ya paa.

"Basi nini kinachaji?" aliuliza.

Nilimtazama Mama kupitia mlango, akafuata macho yangu. Kaka yangu si mtu wa kuelewa haraka, lakini hilo alilielewa.

Tulimtoa Mama pamoja na blanketi. Alikuwa mwepesi kupita alivyokuja. Tukamweka chini ya turubai tulilolifunga mtini, moto ukiwa mbele yake. Giza lilikuwa linaanza kushika miti.

Kaka akarudi garini akazungusha swichi kuu.

Taa haikuzima.

Akaizungusha tena, na tena. Akachukua koleo, akajilaza kifudifudi mlangoni, akakata waya mnene wa betri. Nilisikia ukikatika. Akakata na wa pili.

Friji ikaendelea kuunguruma.

Alitambaa kinyumenyume mpaka akaanguka kwenye matope. "Tuondoke," alisema. "Tuondoke kwa miguu."

"Na Mama? Kwenye utelezi huu, giza hili?" Kisha nikakumbuka. "Kaka. Dawa."

Insulini ilikuwa ndani ya friji. Sindano ya jioni ilikuwa imefika, na kutoka pale hadi zahanati ya kwanza ni mwendo wa gari, tena gari lenye njia kavu.

"Nitaingia mimi," kaka akasema. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Utavunja chupa na mikono hiyo. Wewe simama mlangoni. Niite. Usiache kuniita."

Nikaingia.

Ndani mlikuwa na mwanga mkali kuliko taa ile ilivyokuwa na uwezo. Mweupe. Mbaya. Kila msumari ulionekana. Harufu ya nywele ilikuwa imejaa mpaka kooni. Friji iko mwisho kabisa, na ili kuifikia ni lazima upite ubavuni mwa kitanda.

"Dada!" kaka aliita nje.

"Naam."

Shuka tuliyoiacha kitandani ilikuwa imeinuka.

Imeinuka kama inavyoinuka juu ya mtu aliyelala. Hapa kichwa. Hapa bega. Hapa magoti. Ikashuka taratibu... ikapanda... ikashuka.

Nikapita. Sijui nilipitaje. Nikafungua friji, nikakumbatia kikasha cha dawa. Nilikuwa nimeshageuka niliposikia sauti ya Mama nyuma ya sikio langu.

"Mwanangu. Nifunike miguu."

Wakati huohuo nilimsikia Mama akikohoa nje, chini ya turubai.

"Miguu yangu baridi, mwanangu."

Sikugeuka. Magoti yalikuwa yanakunjika yenyewe. Usingizi ulinijia tena, mzito, wa asali. Nikawaza, nikae tu. Pembeni kidogo. Ndani mna joto, na nje mvua inanyesha.

"Basi kama umechoka," sauti ikasema kwa upole, "jinyooshe na wewe. Nafasi ipo."

Makalio yangu yaligusa mbao. Nilisikia friji ikibadilisha mlio, ikawa kama mtu anayemeza.

Kaka alikuwa ameacha kuniita "dada." Alikuwa anapiga kelele akitumia jina la utotoni, Kijiti, lile la kunichokoza nalo nilipokuwa mwembamba mpaka nguo zinaanguka. Lilinichoma kama mwiba. Mkono wake ukanikamata kifundo cha mguu, akanivuta kwa nguvu za kupakua magunia ya unga. Nilipigiza kidevu kwenye sakafu, nikatoka kwa tumbo, kikasha nimekikumbatia.

Mlango wa gari ukajifunga nyuma yetu. Polepole. Kama mtu aliyeona aibu kuamsha watoto.

Nilimchoma Mama sindano kwa mwanga wa moto. Tulikesha tumemweka katikati yetu, tukimsugua mikono. Hakuna aliyetazama gari, ila mwanga wake ulitufikia pale tulipo na kutupa vivuli vyetu kwenye mti. Ukitazama vivuli, tulikuwa watatu. Nilishukuru Mungu kwamba tulikuwa watatu.

Alfajiri lori la magogo lilipita barabara ya juu. Dereva alitubeba bila maswali mengi. Gari tuliliacha palepale.

Siku tuliyomrudia fundi, alikuwa anakunywa chai. Alituona, akaweka kikombe chini.

"Mlilala juu yake?" aliuliza.

Kaka alimkamata shati. Mimi nikamzuia, nikasema, "Mwache aseme."

Akasema. Betri zilitoka kwenye gari la watu waliokuwa wakisafiri na familia yao, wanalala humohumo njiani. Lilikutwa kando ya barabara, milango imefungwa kwa ndani. Wote wamelala. Hawakuwa na jeraha, hawakuwa na moshi kifuani, hawakuwa na sumu. Wamekauka tu kama majani. Taa ya ndani ilikuwa bado inawaka, na watu wa kijiji jirani waliapa kwamba imewaka tangu mwezi ulipoandama mpaka ukafa.

"Nilizijaribu hapa benchini," fundi alisema. "Zikaisha chaji kama betri yoyote. Nikasema ni maneno ya watu tu."

"Mbona ulizishika kwa kitambaa?" nikauliza.

Alitazama viganja vyake, akavifuta kwenye suruali.

Kilichokuwemo humo ni nini, sijui. Kama kililetwa na mtu mwenye husuda na ile familia, au kilikuwa ndani ya betri tangu zinatengenezwa, au kilipanda njiani kama abiria, sijui. Shehe tumemwita, mchungaji tumemwita. Dereva wa lori la magogo anatuambia gari lipo bado, majani yameshafika madirishani, na ndani mnawaka. Hakuna aliyefungua mlango.

Mama amepata nafuu. Anakula, anasimulia majirani habari za shamba la baba yake, hakumbuki mengine. Mikono tu ndiyo haijapata joto. Namvisha soksi za sufi mikononi, anacheka, anasema namfanya kichekesho.

Juzi jioni umeme ulikatika mtaa mzima. Nilikuwa jikoni. Nikasikia majirani wakiguna, watoto wakipiga kelele, redio zote zikinyamaza kwa pamoja. Nikapapasa ukuta kwenda chumbani kwa Mama nimpelekee mshumaa.

Chini ya mlango wake kulikuwa na mwanga.

Nilifungua. Alikuwa amejinyoosha kitandani, kichwa kwenye mto, na balbu juu yake inawaka, nyeupe, bila kutikisika.

"Zima taa, mwanangu, inaniumiza macho," alisema.

Nikabonyeza swichi. Nikaibonyeza tena.

"Inuka kidogo, Mama," nilisema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Inuka ukae."

Akainuka. Giza likaingia.

Tulikaa gizani, mimi na yeye, nimemshika mikono ile ya baridi. Akaniuliza mbona natetemeka. Nikamwambia nimechoka na kazi. Akanivuta begani kwake, akaniambia basi nilale hapahapa leo, kitanda kinatutosha.

Nikavua viatu. Alilala kwanza yeye, na balbu ikaanza kuwaka, nyekundu, hafifu. Kisha nikalala mimi ubavuni mwake, nikampa mgongo wangu wote, kama ngao, labda tugawane hicho kinachomnyonya.

Ikawaka zaidi.