Hina ya Nyayo

"Shemeji, viatu vyako ninavyo mimi! Komboa, au utoke pekupeku!"

Shaheda, mdogo wake bibi harusi, alivificha mgongoni. Wachezaji wa timu ya mpira ya polisi wakaangua kicheko.

"Pekupeku ndiyo kazi yake! Haidarabadi nzima haina winga kama Ghausi, na hajawahi kuvaa kiatu uwanjani!"

Ghausi hakucheka. Alivuta miguu upesi ndani ya vazi, ila Shaheda alishaona. Akakimbilia kwa wanawake.

"Dada Rafati, bwana harusi ana malengelenge!"

"Wapi?"

"Kisiginoni. Na vidole vimechubuka, vibichi kabisa."

"Na hina yangu?"

"Hina gani? Hana hata tone."

 Toka waanze kupendana, kabla ya kila mechi Rafati alimrushia Ghausi hina juu ya ukuta, apake nyayo zikaze. Polisi walicheza miguu mitupu. Wenye njumu ni klabu za Kalkuta, na moja ilikuwa inamwinda Ghausi toka mwaka jana. Alimwapia haendi. Kwa kiapo hicho Rafati alimkataa karani wa reli aliyemposa, baba yake akamnunia mpaka leo.

Aliinuka na mapambo yake yote, akaenda kwenye pazia lililowatenga na wanaume.

"Ghausi!"

"We mtoto, bibi harusi haongei!" shangazi akamvuta.

"Niache, shangazi. Ghausi, nani kakuvalisha njumu?"

"Ujinga gani huo mbele za watu?"

"Nauliza kisigino chako."

"Mazoezi tu."

"Polisi mnafanya mazoezi na njumu toka lini?"

Wachezaji wenzake wakageuka kumtazama Ghausi. Nao hawakuwa na habari.

"Haya! Naenda Kalkuta!" Ghausi akafoka. "Mlitaka nizeeke na kirungu?"

"Ungeniambia ningefunga mizigo. Tunaondoka lini?"

"Mimi naondoka Jumamosi. Wewe unabaki kwa mama. Hatoki kitandani, nani atamgeuza?"

"Kumbe umemtafutia mama yako yaya."

"Kwani mwanamke anaolewa afanye nini? Shukuru nimekuchukua, na mdomo wako huo!"

Mjomba, aliyetumwa na kadhi, akakohoa kwa aibu.

"Rafati mwanangu, unamkubali Ghausi awe mumeo?"

Rafati akaupa mgongo pazia.

"Unamkubali?" mjomba akarudia.

Shangazi akamfinya. "Sema ndiyo, utatuaibisha!"

"Mara ya mwisho, mwanangu. Unamkubali?"

"Shaheda," Rafati akaita.

"Abee, dada."

"Mrudishie viatu. Usimdai hata sarafu moja ya ana."

"Dada! Viatu vya bwana harusi vikirudi bure, si ndiyo hakuna ndoa?"

"Ndiyo. Treni ya Kalkuta isimwache."

Viatu vikasukumwa chini ya pazia. Ghausi akavivaa huku ameuma meno, akapita mbele ya timu nzima, winga wao, anachechemea.