Visu vya Shemeji

Asubuhi Bosi Makali alipofungua duka lake la visu, alikuta baadhi ya visu vya kukunja viko wazi ndani ya kabati la kioo. Jana yake alikuwa amevikunja vyote kwa mkono wake, na kabati amelifunga mwenyewe kwa ufunguo. Akaguna, akamlaumu mke wake, maana ndiye aliyefagia mwisho. Mke akasema visu vile hata kuviangalia hapendi. Wakaishia hapo, kila mtu kanuna kivyake.

Angekuwa mtu wa kutazama vizuri, angeona kwamba vilivyofunguka ni vile feki tu. Vya kweli vilikuwa vimelala vimekunjwa, vimetulia. Lakini bwana huyu alipewa macho ya kuhesabia noti, mengine hayakumhusu. Mimi simpendi, nalisema mapema, usije ukanisubiri nimhurumie.

Visu vya kweli vilitengenezwa na shemeji yake, marehemu mume wa dada yake. Fundi yule alitengeneza visu ishirini tu vya kila muundo, kisha alikata kiolezo chake cha bati vipande viwili na kukitupa tanurini, muundo ule usirudiwe tena. Ndiyo maana wakusanyaji wa visu walivigombania, kisu kimoja kwa bei ya pikipiki iliyokwishatumika. Na kila alipotaka kuwasha tanuri, alibisha hodi kwanza kwenye mlango wake wa chuma, akasubiri kidogo. Watu walimcheka. Yeye alisema mle ndani kuna mwenyewe, jini wa moto, na mtu haingii nyumba ya mwenzake bila hodi.

Fundi akaugua kabla hajakata kiolezo cha mwisho. Akamwomba shemeji yake amkatie. Bosi Makali akaapa, akazika, akalia kuliko wafiwa wenyewe, kisha akahamishia tanuri na kiolezo chumba cha nyuma cha duka lake, akaweka vibarua wafyatue visu vingine kwa chuma laini cha kutengenezea vijiko. Hodi hakupiga mtu. Vikagongwa muhuri wa marehemu, vikauzwa kwa bei ile ile.

Seremala mmoja akanunua. Komeo la kuzuia kisu kisijikunje likaachia kazini, kidole kikaenda. Watu walipokuja juu, Bosi Makali akawaambia kwa uso wa msiba kwamba tapeli ni marehemu, hata yeye kaingizwa mjini. Hapo ndipo aliponichefua kabisa. Dada yake alikuwa akila kwa kunoa visu kwenye meza ya mumewe, na tangu neno lile litoke hakuna aliyempelekea hata kisu cha kukatia vitunguu. Wanawe wakaitwa watoto wa tapeli. Akamwendea kaka yake na ombi moja tu, alisafishe jina la mume wake. Kaka akamjibu kwamba maiti hana haja ya jina, walio hai ndio wana haja ya biashara.

Tangu siku hiyo duka likaanza kunuka mafuta ya moto, yale ambayo fundi huzamishia chuma chekundu kikitoka tanurini. Mke akafungua madirisha, akadeki kwa sabuni, harufu ikazidi. Kisha ikaja hodi. Haikutoka barabarani, ilitoka chumba cha nyuma, na mke aliposogea aligundua kwamba anayebisha yumo ndani ya tanuri lenyewe, tanuri baridi, anagonga taratibu kama mtu asiye na haraka hata kidogo.

Adhuhuri moja akaja daktari wa meno, mkusanyaji wa siku nyingi, mama anayejua chuma kama anavyojua meno. Akapanga visu juu ya kioo, akawa anavilinganisha kwa sauti. Hiki cha kaboni kina makali ya ajabu, ila ukikisahau na maji kinaliwa na kutu. Hiki cha chuma cha unga, vumbi la metali lililoshindiliwa likashikana, kinakaa na makali mwaka mzima, kazi yake ni siku ya kukinoa. Na hiki je, mbona kinapinda kama kijiko, na bei ni moja?

"Chuma ni kile kile, daktari," alisema Bosi Makali.

Kisu kikazunguka chenyewe juu ya kioo, ncha ikamwelekea yeye tumboni. Daktari akakigeuza kwa kidole. Kikarudi. Akakigeuza tena, kikarudi, na safari hii vingine vyote vya feki vikazunguka pamoja nacho. Daktari wa watu akatoka kinyumenyume bila kuaga, mkoba wake kauacha.

Mke akamleta mganga, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Aliketi mbele ya tanuri, akabisha hodi, akatega sikio muda mrefu.

"Hataki sadaka," akanong'ona. "Anataka useme ulichofanya, mbele ya dada yako na wateja wako. Ukisema, atatoka."

"Nisiposema?"

"Hilo usiniulize mimi."

Basi Jumamosi mchana watu wakaitwa. Duka likajaa, wengine wakabaki barabarani. Dada mtu alisimama mbele, seremala pembeni yake. Bosi Makali akashika kisu kimoja cha kweli, kilicho wazi, aonekane mkweli. Na unajua alisema nini? Alisema shemeji yake, kwa sababu ya ugonjwa, alichanganya vyuma bila kujua, na yeye amekwishamsamehe.

Hodi ikagonga mara moja tu, ukuta ukatikisika, mlango wa tanuri ukafunguka na moto usiowashwa na mtu ukaunguruma ndani, na mkono wa Bosi Makali ukajifunga juu ya mpini wala haukufunguka tena, akauvuta, akaupiga mezani, akamwita mkewe na mkewe akarudi nyuma, huku kisu chenye komeo lisilowahi kuachia kikianza kujikunja polepole kurudi kwenye mpini, kikavigusa vidole vyake, kikaingia kwenye ngozi, na ndipo akaanza kuyatoa yote, kiolezo, chuma cha vijiko, muhuri, kiapo cha kitandani kwa mgonjwa, kidole cha seremala, akilia kwa sauti nyembamba na damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko.

Mganga akamsogelea dada mtu, akamwambia taratibu, "Mdai ni wewe. Ukisema basi, ataacha."

Kisu kilikuwa kimefika kwenye mfupa.

"Nimesema, dada," kaka akalia. "Nimesema yote."

Dada akamtazama, akageuka akawatazama watu waliobanana mlangoni, kisha akamrudia.

"Walio barabarani hawajasikia, kaka. Anza upya."