Kengele Pacha

Kila asubuhi, kabla mwalimu wa zamu hajafika, Dakika alikuwa amekwisha simama nje ya ofisi ya walimu, chini ya chuma cha gurudumu kinachoning'inia kama kengele ya shule, nondo mkononi, akingoja muda wa kukigonga. Dakika si jina alilopewa msichana huyo na wazazi wake. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu hakuwahi kuchelewesha kipindi hata siku moja, na kwa sababu aliishi na shangazi yake, fundi saa. Kumtania walimtania, lakini kucheza naye hakuna aliyecheza. Alikuwa amehamia pale mwaka uliopita, wazazi wake walipokwenda kufanya kazi mbali, na mapumziko yote alikula mkate wake peke yake. Kukaa kutwa nzima bila mtu wa kusemezana naye ni mateso, asikudanganye mtu.

Nyumbani nako kulikuwa kimya, ukiondoa saa zenyewe. Shangazi akishabana kile kioo cha kukuzia jichoni, humtoi neno. Jumapili mchana alikuwa na kazi nyingine: mtunza muda wa mapambano ya ngumi katika ukumbi wa mtaa. Aligonga kengele raundi ianze, na dakika tatu zikitimia akagonga tena iishe. Kengele yenyewe aliitoa kwenye saa kubwa ya ukutani iliyokuwa imekufa. Saa ile ilikuwa na kengele mbili zinazolia sawasawa. Moja aliifunga kwenye meza yake ukumbini, na pacha wake akamtupa katika sanduku la vyuma vibovu chini ya kitanda.

Shangazi alikuwa haupendi tena ukumbi ule. Alisimulia kwamba zamani watu walimpigia makofi hata aliyeshindwa, na raundi ikiisha palitulia hata ukasikia maji yakimiminwa kwenye ndoo. Siku hizi jukwaa la tatu la watazamaji limejaa vijana wenye tarumbeta za plastiki na simu hewani. Bondia akiyumba, wanamwimbia alale. Akilala kweli, wanacheka.

Kiongozi wao alikuwa mvulana wa darasa la juu, jina lake la utani Spika, na sauti yake ilistahili jina hilo. Jumapili moja alimwona Dakika nyuma ya meza ya shangazi, kajikunyata peke yake, akamwita akae nao. Wee! Dakika alipanda ngazi zile mbilimbili. Jumapili nne mfululizo alikaa katikati ya watu, mabega yamegusana, karanga zinapita mkono kwa mkono. Hata shuleni walianza kumwita kivulini kwao. Alikuwa na furaha mpaka usingizi ukampotea.

Kisha Spika akatoa amri: Jumapili ijayo kila mtu aje na kitu cha kupigia kelele, asiye nacho akae kwingine. Wengine walikuwa na filimbi na madebe. Dakika hakuwa na kitu. Akafikiria kile kiti cha nyuma ya meza, akainama chini ya kitanda cha shangazi, akamtia pacha kwenye mkoba.

Siku hiyo Nyundo, bondia wa mtaa, alikuwa akipigana na mgeni ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma. Spika alipoiona kengele, macho yalimwaka. Akamnong'oneza Dakika kwamba mgeni akizidi, atampa ishara agonge. Dakika alijua fika ishara ile maana yake nini. Msimtetee kwamba hakujua.

Raundi ya tano mchomeleaji alikuwa akimchapa Nyundo atakavyo. Spika akainua mkono, jukwaa zima likanyamaza, akamgusa Dakika kiwiko. Dakika akamtazama shangazi; shangazi alikuwa ameinamia saa yake ya kupimia raundi. Mkono ukaingia mkobani, kengele ikalia.

Mchomeleaji alishusha mikono na kugeukia kona yake, kama bondia yeyote aliyefundishwa anavyofanya. Ngumi ya Nyundo ikamkuta tayani hana habari, akaanguka chali. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mtu akamnyanyua Dakika juu, wakamshangilia, naye kwa kitambo kidogo akafurahi kuliko alivyowahi kufurahi maishani mwake. Furaha ile ndiyo iliyokuja kumuuma kuliko kitu kingine chote.

Mchomeleaji alivunjika taya. Alipokuwa akibebwa alishikilia kwamba alisikia kengele, na mwamuzi pia aliisikia. Kengele ukumbini ni moja, na iko mezani kwa shangazi. Mwenyekiti wa kamati akamwambia shangazi apumzike kazi mpaka kikao cha Jumamosi.

Habari zikasambaa mtaani. Jumatatu mteja mmoja akaja kuchukua saa yake kabla haijatengenezwa; hakusema kwa nini, wala hakukuwa na haja. Jumanne Dakika alirudi kutoka shule akamkuta shangazi ameketi kitandani, saa ya kupimia raundi kiganjani, amefumba macho. Alikuwa akihesabu dakika tatu kimoyomoyo, kisha anafumbua macho kuhakikisha. Alipatia. Akarudia. Akapatia tena.

"Labda mkono wangu umegonga wenyewe, mwanangu," alisema. "Nimeanza kuzeeka, siuamini tena."

Dakika akatoka nje na mkoba wake. Kikulacho ki nguoni mwako, na shangazi wa watu alikuwa akijitafuta makosa mwenyewe. Kesho yake Dakika alimweleza Spika kwamba anataka kusema ukweli. Spika akamjibu kwamba ushahidi haupo: video zote wameshaziwekea muziki juu, sauti ya kengele haisikiki.

"Ukifungua mdomo, usirudi kwetu. Kakae na saa zako," akasema.

Siku tatu Dakika hakuweza kula. Jumamosi asubuhi aliingia kwenye kikao akiwa nyuma ya shangazi. Kabla mwenyekiti hajamaliza salamu, alimweka pacha mezani na kumgonga mara moja.

Mchomeleaji, taya limefungwa bendeji, alishtuka kitini. "Ndiyo hiyo," alisema kwa tabu.

"Ni mimi niliyeigonga," Dakika alisema, machozi yakimchuruzika. "Shangazi hana kosa. Nilitaka wanipende."

Shangazi hakumtazama. Aliichukua kengele akaigeuzageuza. Kamati ikamwomba radhi na kumrudisha kazini. Ikaamua pambano lirudiwe taya likipona, na kwamba hakuna atakayeruhusiwa mlangoni na chombo cha kelele. Dakika naye alipiga magoti mbele ya mchomeleaji akaomba msamaha.

"Ngumi nyingi nimepigwa, binti," mchomeleaji alimjibu. "Ile sikuikinga kwa sababu niliamini."

Alimsamehe, lakini maneno yale yalimwingia Dakika mpaka kwenye mifupa.

Njiani kurudi nyumbani shangazi alimshika Dakika mkono.

"Upweke najua unauma, na mimi nikautazama bila kukuuliza, hilo ni kosa langu. Lakini sikia. Kengele ni ahadi. Ukiigonga umemwambia mtu: pumzika, hakuna atakayekupiga. Wanaokutaka uwe mwongo ndipo wakupende hawajakupenda bado. Wanapenda kelele yako tu."

Kuanzia siku hiyo, kila jioni shangazi alikivua kile kioo jichoni mapema, wakakaa wakazungumza.

Shuleni haikuwa rahisi. Jumatatu Spika na kundi lake walimpa mgongo, na mkate wake aliula peke yake kama zamani. Muda ulipokaribia alikwenda akasimama chini ya chuma, akautazama mshale wa saa ya ofisini mpaka ukafika mahali pake. Akagonga. Darasa kwa darasa, bila hata mmoja kuangalia saa, shule nzima ikaweka kalamu chini.