Siku Nikila Karanga, Sikusogelei

"Hodi! Hapa ndipo kwa fundi cherehani?"

Fundi aliinua uso kutoka kwenye gauni alilokuwa akilishona. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, mnene, mchangamfu, kopo la bati kwapani.

"Ndipo, dada. Karibu."

"Sikai, gari linanisubiri. Mimi ni mpishi wa kambi ya barabara. Mumeo kanituma."

Fundi aliliweka gauni chini. Ni miezi sasa mumewe, dereva wa greda, hajakanyaga nyumbani. Kitanda kimekuwa kipana kama uwanja, na mtoto anapocheza tumboni hakuna wa kumwita aje aguse.

"Anaumwa?"

"Mzima kama chuma. Shika mzigo wako."

Fundi akafungua kopo. Karanga! Akalifunika haraka kana kwamba ameona nyoka.

"Dada, mume wangu akionja karanga anavimba koo. Nani amekutuma hasa?"

"Ndiyo maana nimezikaanga mimi! Yeye kasimama kule mbali kama askari, anapiga kelele: 'Yenye ukungu tupa! Iliyosinyaa tupa! Anayekula ana mtoto wangu!' Nikamwambia, baba, basi njoo upike wewe."

Fundi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Aliikumbuka ile jioni. Mimba ilikuwa imemtia hamu, akatafuna karanga kwa siri. Mara mume huyo, karudi! Kwa furaha akamrukia mlangoni, akambusu. Busu moja tu. Punde midomo ya mumewe ikavimba, pumzi ikambana, majirani wakambeba mbiombio hospitali. Alipopona akarudi kazini, na tangu hapo imekuwa ni ujumbe tu: "Umekula?" "Umelala?"

Mpishi alipoondoka, Fundi akapiga simu.

"Hizi karanga ndiyo kuniaga?"

"Kukuaga? Mama, umeanza nini tena?"

"Nilitaka kukuua, ukanikimbia. Sema tu nijue."

Mumewe akashusha sauti.

"Nilimuuliza mkunga wa kliniki. Akasema mzio ni wangu, si wako. Wewe karanga hazijawahi kukudhuru, basi kula, ni chakula kizuri kwako na kwa mtoto. Ila ziwe safi, zisiwe na ukungu. Nikajua nikiwepo utajinyima. Nikakaa huku, ule."

"Nani kakwambia nakula? Tangu siku ile sijatia hata moja mdomoni!"

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakungoja, mjinga wewe! Nikasema, akirudi leo je?"

Kumbe! Mmoja amejitenga ili mwenzake ale, mwenzake hali ili yeye arudi.

"Rudi," Fundi akasema, akijifuta machozi kwa kipande cha kitambaa. "Nitakula, nitanawa kwa sabuni, nitapiga mswaki, nitafuta meza. Na siku nikila, sikusogelei mpaka kesho yake. Hata ulie."

"Ahadi?"

"Ahadi."

"Basi ngoja niombe ruhusa. Wewe kula."

Siku zikapita, ruhusa kimya. Alasiri moja Fundi akaketi peke yake, akala kiganja kimoja, taratibu, huku akimsimulia mtoto habari za baba yake. Hata mikono hajanawa, mlango ukafunguliwa.

Alikuwa yeye. Vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, begi begani, mikono wazi.

"Wamenipa leo tu! Alfajiri gari linanichukua. Njoo!"

Miguu ya Fundi ilitaka kukimbia. Akaizuia.

"Simama hapo hapo. Nimekula."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Mikono ya mumewe ikashuka.

"Kanawe basi. Niguse tumbo tu, mama. Kidogo."

"Hapana."

"Nitaondoka kesho bila hata kukushika?"

"Utaondoka unapumua."

Alisema hivyo akageuka upesi, asionekane uso. Alinawa, akapiga mswaki, akafuta meza mara mbili. Kisha akavuta kiti mpaka ukutani, akaketi. Mumewe alikaa kizingitini. Usiku huo angelala kwa jirani, aliyekubali kumpokea.

"Anacheza?" mume akauliza.

"Anacheza. Upande huu wa kulia."

"Mwambie nipo."

Fundi akaweka kiganja chake mwenyewe kulia mwa tumbo.

"Baba yupo," akasema. Hakuinuka.