Bangili Isiyo na Kiungo

"Kunguru, unamwona?"

Sauti ya mkuu wake wa upelelezi, Chaturvedi, ilikwaruza katika kifaa kidogo alichokificha sikioni.

"Namwona," Tabassum Shishgar alinong'ona ndani ya nikabu.

Jukwaani, mishipa ya shingo imemtoka, alikuwa Omveer Lahariya, mgombea umeya wa Firozabad, mji wa India wa mafundi wa kioo.

"Kazi za Firozabad kwa watu wa Firozabad!" alinguruma. "Nikishinda, hakuna tanuri litakalozimwa! Na mpinzani wangu Baghel je? Anawaogopa wafanyabiashara wa nje! Mpelekeeni hizi, avae!"

Akachota bangili za kioo kwenye kreti na kuzirusha. Umati ukaangua kicheko. Kumwambia mwanamume avae bangili ni kumwambia hana uanaume, na mji mzima unaishi kwa bangili.

Moja ilitua kiganjani mwa Tabassum. Akaizungusha kwa kidole gumba, kama mama yake alivyomfundisha.

Akaizungusha tena.

Haikuwa na kiungo.

Bangili ya Firozabad hukatwa, kisha ncha zake mbili huungwa juu ya moto na wanawake majumbani. Mama yake aliziunga mpaka macho yakaisha. Hii ilikuwa imetoka nzima kwenye kalibu, ng'ambo, kwa mashine.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

"Mkuu, shehena ya magendo tunayoitafuta ni yake. Yale makontena yaliyoandikwa wanasesere."

"Una uhakika?"

"Anatukana watu kwa bangili za magendo, mkuu. Hapa hapa Firozabad! Mjinga kiasi hicho anataka umeya!"

Lahariya alishuka jukwaani akipunga mkono. Shingoni alining'iniza shada la maua ambalo Tabassum mwenyewe alimvisha alipowasili. Ndani yake mlikuwa na kinasa sauti kidogo kuliko punje ya dengu.

Sasa kilimletea Tabassum sikioni sauti ya Lahariya akipiga simu.

"Billu? Funga koki kuu ya gesi. Funga, halafu uivunje. Mgeni wetu hotelini, mwenye shehena, anataka matanuri yapoe leo. Kesho nitawaambia wapiga kura kwamba ni Baghel."

Tabassum alijipenyeza kutoka kwenye umati. Mtoto yeyote wa Firozabad anajua kwamba tanuri la kioo halizimwi. Likipoa, kioo huganda ndani ya vyungu, na vyungu hupasuka. Kulijenga upya ni kazi ya miezi. Miezi hiyo soko lingejaa bangili za kalibu, na wafanyakazi wote wa matanuri wangekaa vibarazani wakisubiri njaa.

"Mkuu, umesikia?"

"Nimesikia. Nenda. Lahariya na mgeni wake niachie mimi."

Nikabu ilibaki juu ya uzio. Pikipiki yake, Bajaj Pulsar nyeusi, iliunguruma.

Alipita katikati ya mikokoteni ya bangili. Mchukuzi mmoja alimrushia tusi. Tabassum hakugeuka.

Lango la kituo cha gesi lilikuwa wazi. Jambazi mwenye bastola ya kienyeji alimzuia njia.

"Simama, dada! Nitaumwaga ubongo wako!"

Bastola ya Tabassum, Glock, ilibaki kiunoni. Hapo hata cheche ingetosha.

"Piga, kaka," alisema akisogea. "Umesimama juu ya gesi ya mji mzima. Piga, twende wote."

Jamaa alitazama mabomba chini ya miguu yake. Alichelewa. Teke lilimpata gotini, kiwiko kikamaliza kazi shingoni. Bastola ikaokotwa na kutolewa risasi.

Nyuma yake, Billu alikuwa ameing'ang'ania spana, akizungusha koki. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto hadi viwikoni. Mtu wa tanuri huyo. Mshale wa kipimo ulikuwa unashuka.

"Fungua, kaka."

"Siwezi." Machozi yalimlenga. "Walinipunguza kazini, dada. Lahariya sahib ameniahidi kazi ghalani kwake."

"Kazi ya kupakua bangili za watu wa nje! Na ndugu zako walioko tanurini watapakua nini? Utawaambia nini wake zao?"

"Mdogo wangu yuko zamu sasa hivi," Billu alisema, sauti ikimkatika.

"Basi mzimie moto wake mbele yangu. Zungusha!"

Billu aliitazama spana. Kisha akazungusha upande wa pili, akilia kwa kwikwi kama mtoto, na Tabassum akaongeza mikono yake miwili juu ya ile yenye makovu. Chuma kililalamika. Gesi ikavuma ndani ya mabomba.

Mshale ukapanda.

"Kunguru?"

"Matanuri yanawaka, mkuu."

"Safi. Lahariya tumemkamata angali na shada shingoni. Mgeni wake naye tumemkuta hotelini na taulo tu, analia."

Polisi walifika wakampakia Billu na yule jambazi kwenye karandinga. Nyuma yao likaja gari jeupe lenye bendera. Mahipal Baghel, mgombea wa pili, aliteremka na wapiga picha wake, akitabasamu kwa meno yote.

"Dada yangu shujaa! Njoo tupige picha. Waambie watu kwamba Baghel ndiye mlinzi wa ajira za Firozabad."

Tabassum alielekeza kidole kwenye karandinga.

"Yule mwenye makovu alifukuzwa tanurini. Mgombea mwenzako akamnunua kwa ahadi ya kazi. Sera yako inasema nini kuhusu mtu kama yule?"

Baghel alimgeukia msaidizi wake. Msaidizi alipekua daftari lake.

"Tutaunda kamati," Baghel alisema.

"Watu kama yule wako maelfu, mheshimiwa. Kura ni kesho. Na mwingine atakuja kuwanunua wakati kamati yako inakunywa chai."

Alivaa helmeti, akawasha pikipiki na kupita mbele ya kamera bila kupunguza mwendo. Picha waliyoipata ilikuwa ya Baghel peke yake, akikohoa vumbi.