Sanduku la Kanisa la Bungoma

Kila asubuhi Agneta alikamua ng'ombe, akapeleka maziwa soko la mji mdogo wa Kwanza, kisha akapitia kanisani, ambako barua za waumini hufikia. Swali lake lilikuwa lile lile: "Barua ya Joan haijafika?" Jibu nalo lile lile.

Joan, bintiye, alikuwa ameomba nafasi ya kusomea uuguzi. Wenzake walishaitwa. Chuo kingefunguliwa Jumatatu, na leo ilikuwa Alhamisi. Binti hakula, na mama hakulala.

Siku hiyo kikundi cha akina mama kilizuru jumba dogo la makumbusho ya posta mjini Kitale. Agneta alienda shingo upande. Makumbusho na shida zake, wapi na wapi? Ndani aliona mihuri ya zamani, mizani ya vifurushi, na picha ya tarishi, mtu aliyepeleka barua kwa miguu.

"Sasa huyu aliwajuaje wenye barua?" Agneta aliuliza.

"Hakuwajua," alijibu Mzee Cheruiyot, aliyewatembeza. Yeye alipanga barua posta miaka mingi kabla ya kustaafu. "Alifuata anwani tu. Hata leo, mama, barua haifuati mtu. Inafuata sanduku."

Hapo Agneta alikumbuka. Fomu ya Joan waliijaza wakiwa bado Bungoma. Waliandika sanduku la posta la kanisa la huko, ambako katibu husoma majina ya wenye barua baada ya ibada. Kisha wakahamia Kwanza.

"Lakini si kanisa ni moja?" alisema. "Nilijua wataileta huku kwetu."

"Kanisa moja, masanduku mawili," alisema Cheruiyot. "Ukihama, wape anwani mpya wale wanaokuandikia. Mwambie pia mwenye sanduku la zamani. Na ukiweza, kodi sanduku lako mwenyewe posta. Huko Bungoma uliuliza?"

Agneta hakuwa ameuliza, na sababu ilimtia aibu. Alikuwa amegombana na katibu wa kanisa hilo, Rahab, kuhusu sufuria ya kikundi cha huko iliyopotea. Akaapa hatakanyaga pale tena. Hasira hasara, jamani.

Kesho yake asubuhi alimchukua Joan wakaenda Bungoma. Walimkuta Rahab akifagia kanisa. Rahab aliweka ufagio chini, akawatazama.

"Nimesoma jina la Joan Jumapili tatu," alisema. "Hakuna mtu aliitika. Na sikujua mlihamia wapi. Si ungenitumia hata mtu, bana?"

Alifungua kabati, akatoa bahasha. Joan aliifungua, akasoma. Ameitwa. Aripoti Jumatatu.

Agneta aliketi kwenye benchi, akashusha pumzi, akalia kwa furaha.

"Rahab, ile sufuria..." alianza.

"Wacha sufuria. Mtoto anaenda kusoma. Mmekunywa chai?"

Jumatatu Joan aliripoti chuoni. Jumanne Agneta alikodi sanduku posta ya Kitale. Aliwaandikia Joan na Rahab kuwapa anwani mpya, na nyuma ya kila bahasha akaandika anwani yake, ili barua isipomfikia aliyeandikiwa irudishwe kwake.

Barua ya kwanza kuingia sandukuni ilitoka Bungoma. Rahab aliandika: "Mama Joan, sufuria nimeipata. Ilikuwa jikoni kwangu. Nisamehe."

Agneta alicheka peke yake njia nzima hadi Kwanza.